Mlango Wenye Matundu ya Risasi

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Methali hii tumeiandika katika insha zetu hadi imechakaa. Lakini, msomaji mpenzi, umewahi kujiuliza nyasi hizo ni nani hasa? Mimi nilikutana nazo mbali kabisa na kwetu, katika kitabu cha historia kilichomo katika maktaba yetu. Humo mlikuwa na picha ya mlango wa kanisa uliotobolewa kwa risasi.

Kanisa hilo ni la Mtakatifu Lawrence, katika mji mdogo wa Alton, jimbo la Hampshire, Uingereza. Alton ni mji wa soko. Tangu zamani wakulima wa vijiji vya karibu walileta nafaka, sufu na mifugo yao huko, nao wenyeji walifuma nguo na kutengeneza bia. Kwa ufupi, ni watu wa kununua na kuuza kama hawa wetu wa siku ya soko.

Mwaka 1642 Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge walianza kupigana kuhusu nani mwenye kauli ya mwisho nchini. Wafanyabiashara wa Alton hawakuulizwa maoni. Kosa lao lilikuwa moja tu: mji wao ulikuwa njiani. Watu wa Bunge walishika ngome ya Farnham, watu wa Mfalme walishika Winchester, na Alton ilikuwa katikati. Basi jeshi la Mfalme likaingia na kupiga kambi pale, askari wa miguu pamoja na wapanda farasi.

Tarehe 13 Desemba 1643, Sir William Waller wa upande wa Bunge aliwavamia baada ya kutembea na jeshi lake usiku kucha. Kulipokucha, mambo yakawa moto! Kamanda wa wapanda farasi, Earl wa Crawford, alipoona maji yamezidi unga alitimua mbio kuelekea Winchester. Kanali Bolle akaachwa na askari wa miguu. Walirudi nyuma hatua kwa hatua hadi uani mwa kanisa, kisha wakaingia ndani. Bolle aliuawa humo humo kanisani. Mapokeo yanasema alikuwa amesimama mimbarini. Mamia ya wenzake walitekwa. Kumbe hata vitani mwenye farasi hutoroka, mwenye miguu akabaki!

Usidhani fujo huletwa na wafalme peke yao. Mwezi wa Novemba 1830 vibarua wa mashamba ya kusini mwa Uingereza waliasi kwa sababu ya njaa. Mishahara ilikuwa duni, na mashine za kupura nafaka zilikuwa zimewanyang'anya kazi ya majira ya baridi. Katika vijiji vya Selborne na Headley, karibu na Alton, walivamia nyumba walimowekwa maskini na kuzibomoabomoa. Serikali ikawakamata. Kesi zikasikilizwa Winchester, na baadhi yao wakasafirishwa kwa meli hadi Australia. Hapo nyasi zilichoka kukanyagwa zikainuka, nazo zikafyekwa.

Hata vita vya bara letu vilifika Alton. Baada ya vita vya Waingereza na Makaburu kule Afrika Kusini, vilivyoanza mwaka 1899, hospitali ilijengwa karibu na mji huo kwa ajili ya askari majeruhi. Mwaka 1908 ikageuzwa kuwa hospitali ya watoto waliougua kifua kikuu cha mifupa. Hapo angalau jema lilitokana na baya.

Sasa mtaniuliza, "Wewe, Alton inakuhusu nini?" Nitawaambia. Nyanya yangu alikuwa na kibanda cha nafaka katika soko moja la Bonde la Ufa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, kibanda hicho kilichomwa moto. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Kila nilipomuuliza alinijibu, "Mjukuu wangu, yaliyopita si ndwele, ganga yajayo." Siku moja nikamwonyesha picha ya ule mlango. Aliitazama kwa muda mrefu, akaingia chumbani akatoka na mizani kuukuu, upande mmoja mweusi kwa moshi. Akasema, "Wenye magari waliondoka jioni. Sisi tulitoka usiku kwa miguu. Hii ndiyo niliyookota niliporudi." Akanyamaza. Nami sikumsukuma aendelee.

Pale sokoni leo kuna maduka mapya yaliyopakwa rangi. Mtu akipita hawezi kujua kitu. Yapo maneno ya kweli katika methali ya Nyanya, kwani mwenye kuchokonoa kidonda kila siku hataki kipone. Lakini kovu si kidonda. Watu wa Alton wangeweza kuung'oa ule mlango wakatia mwingine laini. Hawakufanya hivyo. Wanaokwenda kusali hupita karibu na matundu yale, na hakuna anayemchukia jirani yake kwa sababu babu zao walikuwa wa Mfalme au wa Bunge. Tundu halidai kisasi. Linatoa ushahidi tu kwamba jambo hili lilitupata, nasi tuliishi.

Wanachama wenzangu, katika nyumba zetu kuna mizani, sufuria na picha zilizoungua ukingoni. Likizo ijayo tuwaulize wazee wetu kwa adabu, na yule asiyetaka kusema tumwache. Yule atakayesema, tumwandike vizuri bila kutia chumvi na bila kuchochea. Jarida hili lina kurasa za kutosha.