St. Andrews: Uwanja wa Gofu Ulio Mali ya Mji

Ndugu msomaji, huenda neno gofu likikufikia masikioni, machoni pako hujitokeza ukuta mrefu, lango lenye mlinzi, na majani mabichi ambayo mtu wa kawaida huyaona kwa kuchungulia tu. Usijilaumu. Ndivyo mchezo huu ulivyoingia katika nchi yetu enzi za ukoloni, na ndivyo wazee wetu wengi walivyoujua. Leo nakuomba tufuatane mpaka mahali ulikolelewa, katika mji mdogo wa St. Andrews, pwani ya mashariki ya Uskoti, ili tuone kwamba huko mambo yalikwenda njia nyingine.

Kabla sijaondoka kwenda huko kwa mafunzo ya miezi mitatu ya kazi hii ya uandishi, nilikwenda kumuaga Babu. Nilimkuta barazani akiwatazama watoto waliokuwa wakicheza mpira katika kiwanja cha mtaa kilicho mbele ya nyumba yake. Ukingoni mwa kiwanja hicho palikuwa na vigingi vinne vipya ambavyo sikuwahi kuviona.

"Shikamoo Babu. Vigingi vile ni vya nani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Vilichomekwa usiku. Aliyevichomeka hajajitokeza."

Nilipomweleza niendako, na kwamba nimekusudia kucheza gofu huko, alinyamaza kwa muda. Babu aliufahamu mchezo huo kabla yangu. Mwaka 1956, akiwa kijana wa miaka 15, alikuwa mchukuzi wa mifuko ya fimbo katika klabu moja ya mji wa milimani. Alitembea mashimo yote 18 mara mbili kwa siku, akijua umbali wa kila pigo kuliko bwana aliyemtumikia, lakini kupiga mpira ulikuwa mwiko kwake. Jioni, yeye na wenzake walikuwa wakipiga vidaka vya nazi kwa matawi ya mipera, nje ya ukuta.

"Basi niangalizie mambo matatu," alisema. "Ukuta wao una urefu gani? Nani anaruhusiwa kuingia? Na wachukuzi wa mifuko hukaa wapi?"

Nilikwenda na maswali hayo matatu kama mtu aliyetumwa dukani.

Mji wa St. Andrews una chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1413, magofu ya kanisa kuu la kale, na ufuko mrefu wa mchanga. Kati ya ufuko huo na mashamba kuna ukanda wa ardhi ambayo Waskoti huiita links. Ni nchi ya mchanga yenye vilima vidogo vidogo na majani membamba, isiyofaa kwa kilimo kwa sababu udongo wake hauna rutuba na haushiki maji. Hakuna miti ya kukukinga na upepo. Kuna vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, na mpira ukiingia humo hapana budi uuage. Zamani wananchi walichunga mifugo hapo na kuanika nyavu zao. Wenyeji husimulia kwamba kondoo waliokuwa wakijificha upepo ndio walioanza kuchimba baadhi ya mitego ya mchanga ambayo leo huwatesa wachezaji. Mitego hiyo sasa ni 112.

Mpangaji wa uwanja huu ni upepo na mifugo, kisha mwanadamu akafuata. Mchezo wenyewe ni wa siku nyingi, kiasi kwamba mwaka 1457 Bunge la Uskoti liliupiga marufuku pamoja na kandanda, kwa hofu kwamba vijana wanaacha mazoezi ya kupiga mishale. Hata idadi ya mashimo 18, inayofuatwa dunia nzima, inatokana na hapa. Mwaka 1764 uwanja huu ulikuwa na mashimo 22, yakapunguzwa yakawa 18.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu. Aliandika jina langu pamoja na lake na la jirani yake, fundi wa mabomba, katika kura ambayo hupigwa siku mbili kabla ya mchezo ili kugawa nafasi. Tukabahatika. Sikufichi, msomaji: mgeni hulipa zaidi ya pauni 300 katika msimu wa watalii, na mimi nililipa kwa posho niliyojinyima wiki nyingi. Hupaswa pia kuonyesha cheti cha kiwango chake, nami changu nilikuwa nacho, nilichokipata nyumbani baada ya miaka ya kuandika habari za michezo. Lakini mwalimu yule na fundi yule, kwa kuwa ni wakazi wa mji, hununua tikiti ya mwaka kwa bei nafuu, na kwa tikiti hiyo huingia katika uwanja uleule ambao mabingwa wa dunia huuota.

Asubuhi ya siku yetu palikuwa na upepo wa baridi kutoka Bahari ya Kaskazini. Pahali pa kuanzia pako mbele ya jengo la klabu maarufu iliyoasisiwa mwaka 1754. Nilidhani klabu hiyo ndiyo yenye uwanja. "Wengi hudhani hivyo," alisema mwalimu. "Wao ni wachezaji kama sisi. Jengo ni lao, majani ni yetu." Klabu hiyo haikuwakubali wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 2014, lakini mama huyu alikuwa akicheza hapo tangu ujana wake, kwa haki ya ukazi.

Nilikuwa nimekwisha inua fimbo nilipoambiwa ningoje. Mwanamke anayesukuma kigari cha mtoto alikuwa akikatiza uwanja. Nyuma yake kulikuja mzee na mbwa wake. Kumbe njia ya umma hupita katikati ya shimo la kwanza na la kumi na nane kuelekea ufukweni, na wapita njia wana haki zao. Hakuna aliyewafokea. Wachezaji tulisimama, wao wakapita, kisha nikapiga. Mpira wangu ulibiringika mpaka kwenye kijito kinachoitwa Swilcan, ukatumbukia. Fundi alicheka kwa upole, akaniambia kijito hicho hakibagui wageni.

Uwanja huu huenda mbele kisha hurudi, mithili ya bakora ya mchungaji. Wanaokwenda na wanaorudi hukutana, na mara saba hutumia grini moja, yaani mahali palipokatwa majani mafupi kabisa na kuwekwa bendera. Mwalimu alinifundisha hesabu yake: shimo la pili hushirikiana na la kumi na sita, la tatu na la kumi na tano, na kadhalika, kila jozi ukiijumlisha hupata 18. Kwa hiyo hapana budi watu wangojeane na kupishana.

Kwenye shimo la kumi na moja niliangukia mtego wa mchanga, nikatumia mapigo manne kutoka. Nilitaka kukata tamaa. Hapo ndipo nilipoambiwa habari za Bobby Jones, Mmarekani ambaye mwaka 1921, akiwa kijana, alinasa mchangani katika shimo hilohilo, akaghadhibika na kuyaacha mashindano. Alirudi mwaka 1927 akashinda. Mwaka 1958 mji ulimpa heshima ya kuwa mwananchi wake. Nikafuta mchanga usoni, nikaendelea.

Tulipokuwa tukirudi, upepo ukitupiga ubavuni, nilimwuliza mwalimu swali la pili la Babu: ilikuwaje ardhi hii yenye thamani kubwa hivi ikabaki mikononi mwa watu wote?

"Nusura ipotee," alijibu, "tena si kwa maadui. Ilipotezwa na baraza letu wenyewe."

Haki ya wananchi kucheza hapo ilikuwa imeandikwa tangu mwaka 1552, katika hati ya Askofu Mkuu John Hamilton, ambaye kwa upande wake aliruhusiwa kufuga sungura katika mchanga huo. Lakini mwaka 1797 baraza la mji lilikuwa limefilisika, likaiuza ardhi ili kupata fedha. Punde ikawa mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Sungura walizaana, wakachimba kila mahali, na uwanja ukawa haufai. Wachezaji na wananchi wakadai haki yao ya kale. Wafugaji nao wakadai mali yao. Ugomvi huo uliendelea kwa miaka zaidi ya 20, mahakamani na uwanjani. Ulikwisha mwaka 1821, mwenye shamba jirani, James Cheape, aliyekuwa mpenzi wa gofu, alipoinunua ardhi hiyo na kuuokoa uwanja.

Hata hivyo watu hawakutaka kuishi kwa hisani ya tajiri mmoja, hata akiwa mwema. Mwaka 1894 Bunge lilipitisha sheria iliyouwezesha mji kuimiliki ardhi hiyo. Mwaka 1974, serikali za mitaa zilipokuwa zikipangwa upya, sheria nyingine iliunda chombo maalumu cha kuusimamia uwanja kwa manufaa ya umma. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa St. Andrews walikuwa na daftari tangu 1552, na bado ikakaribia kupotea.

Tukafika shimo la kumi na saba, linaloogopwa kuliko yote. Huko nyuma ya grini kuna barabara, na nyuma ya barabara kuna ukuta wa mawe. Mpira wangu ulivuka grini, ukavuka barabara, ukasimama karibu kabisa na ukuta. Hapo hakuna msamaha: unapiga ulipoangukia. Niliinama kuutazama ukuta ule, nikakumbuka nilivyotumwa. Mrefu haukuwa. Wala haukuwekwa kumzuia mwananchi asiingie, maana wapita njia walikuwa wameuegemea wakitutazama, na mmoja wao akanielekeza fimbo ya kutumia.

Katika shimo la mwisho tulivuka kijito kwa daraja dogo la mawe, ambalo inasemekana lilijengwa miaka 700 hivi iliyopita kwa ajili ya wachungaji na mifugo yao. Mpira wangu ulirudi nyuma mara moja katika bonde lililo mbele ya grini, kisha ukakubali kuingia shimoni. Mapigo yangu yote yalikuwa 103. Mwalimu alipata 91. Tulivua kofia, tukapeana mikono kama ilivyo desturi.

Shimo hilo la mwisho limepewa jina la Tom Morris, na hapo nikapata jibu la swali la tatu. Morris alizaliwa katika mji huo mwaka 1821, mtoto wa mfumaji nguo. Alianza kwa kufundishwa utengenezaji wa mipira, akashinda mashindano makuu ya wazi mara nne, na kuanzia 1865 mpaka 1903 alikuwa mtunzaji wa uwanja huu. Alifariki mwaka 1908, na kaburi lake katika uwanja wa kanisa kuu hutembelewa na watu wa mataifa yote. Wachukuzi wa mifuko nao wapo hata leo. Ni watu wanaoheshimiwa kwa ujuzi wao, na mchezaji asiyesikiliza ushauri wao hujuta.

Jumapili iliyofuata nilirudi bila fimbo. Siku hiyo uwanja hufungwa kwa wachezaji, isipokuwa wakati wa mashindano makubwa. Nilikuta familia zikitembea juu ya majani yale mashuhuri, watoto wakikimbizana, mbwa wakicheza, na wazee wawili wamekaa karibu na daraja wakila mkate. Nilitembea mpaka mwisho wa uwanja, takriban kilomita 3, wala hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.

Niliporejea nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa Babu. Nilimpa mpira niliomalizia shimo la kumi na nane, kisha nikamjibu maswali yake kwa utaratibu. Ukuta ni mmoja, na watu huuegemea. Anayeruhusiwa kuingia ni kila mtu: mgeni hulipa sana, mkazi hulipa kidogo, na Jumapili halipi yeyote. Mtoto wa mfumaji aliyetunza majani yale amepewa shimo la mwisho kuwa kumbukumbu yake.

Babu aliugeuza mpira ule mkononi kwa muda mrefu. Nje, watoto walikuwa wakicheza, lakini kiwanja kilikuwa kimepungua. Vile vigingi vinne vilikuwa vimeongezeka vikawa tisa.

"Hao wazungu wa sungura," aliuliza, "walishindwa lini hasa?"

"Mwaka 1821, Babu. Lakini ardhi haikuwa ya mji kwa sheria mpaka 1894."

"Miaka mingi hiyo. Mimi sina." Akaniita nikae karibu. "Chukua kalamu. Andika kwa halmashauri kwamba sisi wazee wa mtaa huu twaomba kiwanja chetu kipimwe, kiandikishwe kuwa cha wazi, na hati yake iwekwe ofisini ambapo kila mtu anaweza kuiona."

Niliandika. Jioni ile tulizunguka nyumba kwa nyumba tukikusanya sahihi, Babu akitembea mbele na bakora yake, mimi nikimbebea mfuko wa makaratasi. Tulipata sahihi 64. Barua imekwisha pelekwa, na nakala yake yenye mhuri wa mapokezi tunayo.

Nawe, ndugu msomaji, bila shaka katika mtaa wako kipo kiwanja ambacho kila mtu hukiita chetu. Kabla vigingi havijaota hapo, uliza jambo moja tu: kimeandikwa wapi?