Kikopo Kilichopanda Bodaboda

Mwaka jana nikiwa fildi kwenye shule moja ya kijijini, nilikohoa wiki tatu mbele ya kidato cha pili. Kila aliyeniuliza nilimwambia ni vumbi la chaki. Hospitali ya wilaya ilikuwa mbali, kwenda na kurudi ni siku nzima, na bumu lilikuwa limekata. Halafu mhadhiri angeweza kuja kunikagua siku yoyote. Nani akose kipindi kwa ajili ya kikohozi?

Mama mwenye nyumba ndiye aliyenisukuma niende zahanati, dakika ishirini kwa miguu. Nesi aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, umekohoa siku ngapi?" Nilipomjibu, akanipa kikopo. Akasema ukikohoa wiki mbili au zaidi lazima upimwe kifua kikuu, kipimo ni bure, na sina haja ya kusafiri. Kitakachosafiri ni makohozi.

Kila Jumanne na Ijumaa dereva wa bodaboda alipita kwenye zahanati za kule akiwa na boksi lenye barafu. Alikusanya vikopo na kuvipeleka hospitali yenye mashine ya GeneXpert. Mashine hiyo inatafuta vinasaba vya bakteria wa TB, na inaonyesha pia kama wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampicin. Jibu linatoka ndani ya saa mbili hivi.

Langu lilichukua siku sita. Nilitoa makohozi Jumatano, boda akayachukua Ijumaa, majibu yakarudi naye Jumanne. Nesi alishaniambia nikae nyumbani nisubiri. Lakini Alhamisi mhadhiri akaja, nami nikaingia darasani. Watoto zaidi ya sitini, na madirisha ya upande mmoja tumeyafunga kwa sababu ya upepo. Nilipata alama nzuri. Jumanne nikaambiwa nina TB.

Wanafunzi waliokuwa wanakohoa nao wakatoa sampuli. Wote walikutwa hawana. Nilimshukuru Mungu, ila zile alama sijawahi kujisifia.

Nimemeza dawa miezi sita, nimepona. Sijitetei, kosa la Alhamisi ni langu. Lakini bado nawaza zile siku sita. Mashine ipo, pikipiki ipo, kinachopungua ni safari. Kama boda angepita kila siku na majibu yakatumwa kwa simu, ningejua kabla sijashika chaki asubuhi ile.

Wenzangu mnaokwenda fildi, mkifika tu ulizeni zahanati iko wapi na boda wa sampuli anapita siku gani. Ukikohoa wiki mbili, peleka kikopo kwanza. Andalio la somo litasubiri.