Rumonge: Moteri Haifi, Hunyimwa Mafuta

Mtu atokaye Bujumbura akishika njia ya kusini, Ziwa Tanganyika humfuata mkono wa kuume na milima humwandama mkono wa kushoto. Huko Mugere hupita karibu na jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na mwaka 1871, ukumbusho wa wageni wale waliofika kwa mtumbwi kutoka Ujiji. Baada ya kilomita 70 na kitu michikichi huanza kusongamana, na harufu ya mawese humpokea mgeni kabla hajaziona nyumba. Hapo ndipo Rumonge.

Huu ni mji wa mawese na samaki, na sokoni Kiswahili husikika pamoja na Kirundi. Jioni katamarani huondoka ufukoni. Hizo ni mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, yenye wavu unaoteremshwa chini ya taa. Dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala, hufuata mwanga. Na mgebuka, ambaye huko huitwa mukeke, hufuata dagaa. Karo za watoto, sabuni na chumvi, vyote hutegemea kwamba waliotoka jioni watarejea asubuhi.

Nao kurejea hutegemea injini ya kupachika iliyo nyuma ya chombo, ambayo wenyeji huiita moteri. Nyingi ni kuukuu, zimekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa. Ziwa lenyewe halina huruma: penye kina kirefu kabisa hufikia mita 1,470, na hata karibu na nchi kavu chini huporomoka ghafula. Moteri ikizimika huko nje usiku, nanga haigusi chini. Na kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini huchukua chombo utakako wenyewe.

Nilipokuwa mjini humo kwa shughuli za kazi, nilikaa nusu siku kwenye kibanda cha fundi mmoja ufukoni. Mvuvi mmoja alikuja amekata tamaa. Moteri yake iliwaka vizuri, ikaenda dakika chache, kisha ikakosa nguvu na kuzimika. Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba pampu ya mafuta imekufa, naye alifikiri kuuza wavu ili anunue nyingine. Fundi hakugusa pampu. Alisema, “Ndugu yangu, moteri hii haijafa, inanyimwa mafuta. Tuanze kwenye tangi.”

Ndugu msomaji, katika neno hilo ndimo ulimo ufundi wote. Mafuta husafiri njia moja: hutoka tangini, hupita mpira, puto la kubinya kwa mkono, chujio na pampu, hata kabureta. Atafutaye ubovu na aifuate njia hiyo hatua kwa hatua, akianza na kisicho na gharama.

Kwanza ni mfuniko wa tangi. Una tundu la hewa lenye skrubu. Likifungwa au likizibwa na uchafu, hewa haiingii kushika nafasi ya mafuta yanayotoka, na mwishowe pampu hushindwa kuvuta. Fungua mfuniko: ukisikia hewa ikivutwa ndani, ubovu umeuona.

Pili ni mafuta yenyewe. Katika uhaba ulioisumbua Burundi kati ya miaka 2022 na 2024, watu wengi walinunua petroli ya madumu, na dumu hubeba maji na taka. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na mdomo wa mpira unaovuta mafuta uko huko huko chini. Mimina kidogo katika chupa nyeupe, uache itulie. Maji yatajitenga yaonekane.

Tatu ni mpira na puto. Mshale ulio juu ya puto sharti uelekee kwenye moteri. Libinye mpaka liwe gumu. Likikataa kuwa gumu, huenda hewa inaingia penye ufa au kiungo kilicholegea, au vali zake zimechoka. Likinywea na kubanana wakati moteri inakwenda, kizuizi kiko upande wa tangi. Na moteri ikianza kulegea, nawe ukalibinya ikapata nguvu tena, jua kwamba mafuta hayavutwi ipasavyo: ama hewa inapenya, ama kuna kizuizi, ama pampu ni dhaifu.

Hapo ndipo zamu ya pampu hufika. Katika moteri nyingi za namna hii pampu haina umeme. Ndani yake mna utando mwembamba unaosukumwa na kuvutwa na pumzi ya moteri yenyewe, kila pistoni ipandapo na kushukapo, na vali ndogo mbili huyazuia mafuta yasirudi nyuma. Msukumo wake ni mdogo mno kuliko wa tairi la gari. Kwa sababu hiyo tundu dogo la hewa kwenye mpira latosha kuushinda. Utando ukitoboka, petroli huweza kupenya hata ndani ya moteri, na plagi hulowa.

Fundi alifunga kipande cha mpira mweupe uonyeshao ndani kabla ya pampu, akawasha. Mapovu yakapita mfululizo. Alikata ncha ya mpira wa zamani iliyopasuka penye kibano, akaifunga upya, na mapovu yakatoweka. Pampu ilikuwa nzima, na wavu haukuuzwa.

Yako mambo mawili ya kuhadhari. Moteri zinazochanganyiwa oili katika petroli hupata ulainisho kwa njia ya mafuta hayo hayo. Anayeilazimisha moteri yenye njaa kwenda kasi huinyima na oili, na pistoni yaweza kuungua. Hasara ya mpira mmoja ikawa hasara ya moteri nzima. Tena, kazi hii ifanywe nchi kavu, mahali pa wazi, mbali na sigara na jiko, wala petroli isivutwe kwa mdomo.

Wake kwa waume wanaoishi kwa ziwa hili, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, hawahitaji kuwa mafundi wote. Yatosha kila chombo kiwe na kipande cha mpira mzima, vibano viwili, chujio la akiba na makasia, na mwenye nacho akague njia ya mafuta mchana, kabla taa hazijawashwa. Bei ya vitu hivyo ni ndogo sana mbele ya bei ya pampu, na hailinganishwi kamwe na uhai wa waliomo chomboni.