Jiko Halimo Kwenye Ramani

Golbanti mafuriko hayahitaji wingu. Mvua inanyesha huko juu, Mlima Kenya na Nyandarua, mabwawa yanajaa, na siku kadhaa baadaye Mto Tana unaingia shambani huku jua linatuchoma. Maji yakiondoka, pengine nyumba utaikuta imesimama. Jiko la udongo utalikuta limerudi kuwa tope.

Tangu niache chuo, usiku naandika makala za kuuza, mchana namkandia Mama udongo. Wa kichuguu ndio mzuri, manake unashikana. Tunauchanganya na mchanga kidogo na majani makavu, tunajengea, halafu tunangoja. Kungoja ndiyo kazi. Hewa ya huku Delta ina unyevu, jiko halikauki upesi. Ukiwasha moto mkubwa mapema, maji yaliyobaki ndani yanageuka mvuke na jiko linapasuka. Lakini watoto wana njaa leo, si wiki ijayo.

Baada ya mafuriko ya 2024, mfadhili mmoja alitujengea nyumba ya mabati pahali palipoinuka. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Chumba kimoja, mlango, dirisha dogo. Mama akamuuliza fundi, "Mwanangu, jiko litakaa wapi?"

Fundi akaikunjua ramani. "Jiko halimo, Mama. Mtapika nje."

Nje ni sawa Januari. Aprili na Mei mvua inazima moto na kuubomoa udongo, basi Mama akaliingiza jiko ndani. Kuni zetu ni mathenge, mara nyingi mbichi. Moshi hauna pa kutokea. Mama anakohoa mpaka alfajiri, na mimi upande wa pili wa pazia nahesabu.

Kenya sasa ina Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 na kuchukua nafasi ya zile za 1968. Vizuri. Lakini anayemjengea mtu wa mtoni aanze na swali la Mama. Jiko liinuliwe kwa matofali hadi magotini, liwe na kibanda chake cha makuti, kuta ziachwe wazi juu moshi utoke. Maji madogo yakija, tutaziba nyufa tu, hatutajenga upya.

Tumeshaanza kuokota matofali yaliyovunjika. Bado hayatoshi.