Mario na Pampu ya Maji

Mtanisamehe nikiwaletea leo habari ya mchezo wa watoto. Huchezwa mbele ya televizyo, kwa vidole gumba viwili, na wazee wengi husema ni kupoteza wakati. Pengine ni kweli. Lakini mchezo huu ulileta ugomvi katika nyumba yetu, tena si katika nyumba yetu peke yake: watu wazima wenye ndevu wangali wakibishana juu yake mpaka leo. Jina lake ni Super Mario Sunshine.

Kwanza mjue sisi ni nani. Tulizaliwa Bukavu. Mwaka 1999 mama alitupeleka Ubelgiji, mimi na yaya wangu, tukakaa mjini Liège, katika nyumba ya ghorofa karibu na mto Meuse. Kule Bukavu mama alikuwa muuguzi. Kule Ubelgiji hawakukipokea cheti chake, akapata kazi ya kufagia ofisi. Aliondoka saa kumi alfajiri, akarudi sisi tukivaa viatu vya kwenda shule.

Yaya alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na mmoja. Kwa rafiki yake mmoja alikuwa amecheza Super Mario 64, mchezo uliotoka Japani mwaka 1996, na tangu siku ile hakuwa na neno jingine. Mario ni mtu mfupi, mwenye masharubu na kofia nyekundu. Kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto ilimwonyesha mara ya kwanza mwaka 1981, na kazi yake kubwa ni kuruka: kuruka mashimo, kuruka juu ya kichwa cha adui, kuruka kutoka ukuta hadi ukuta. Katika mchezo wa 1996 aliruka kwa namna mpya, pande zote, kama mtu aliyefunguliwa kizuizini. Ndipo watu wakangoja mwingine. Wakangoja miaka sita.

Yaya hakungoja mikono mitupu. Miezi minne, kila Jumamosi na Jumapili, aliosha sahani katika jikoni ya hoteli ndogo. Kwa feza ile alinunua mashine, iitwayo GameCube, na tarehe 4 Oktoba 2002, siku mchezo ulipofika Ulaya, akaununua nao. Alirudi nyumbani mbio, koti wazi, na mvua inanyesha.

Basi tukakaa chini. Tukaona ndege ikitua katika kisiwa cha joto, Isle Delfino, chenye umbo la pomboo. Mario amekuja kupumzika pamoja na binti mfalme Peach na mtumishi wake mzee. Kumbe uwanja wa ndege umejaa uchafu wa rangi, mzito kama lami. Mario anaokota pampu yenye kusema kama mtu, jina lake FLUDD, anaivaa mgongoni, anausafisha uwanja. Kazi inapokwisha, polisi wanamkamata! Wanadai yeye ndiye aliyekipaka kisiwa chote rangi, kwa sababu mchafuzi anafanana naye. Wanampeleka barazani. Binti mfalme anakataa, mwamuzi hamsikii. Hukumu ni hii: Mario atasafisha kisiwa chote, wala hatakiacha mpaka amalize.

Yaya akanitazama. Akasema, « Nimeosha sahani miezi minne ili nije kuosha tena? »

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Inafaa niseme malalamiko yake kwa haki, sababu mengi yalikuwa kweli, na wengine ulimwenguni waliyasema vilevile. La kwanza, pampu ile inamwinua Mario hewani kwa muda mfupi. Ukikosea kuruka, unabonyeza, maji yanakushika, unatua salama. Kwa mtu aliyejifunza kuruka kwa kipimo, hiyo ni fimbo ya kilema. La pili, mchezo wote ni kisiwa kimoja: pwani, bandari, hoteli, kijiji, ghuba. Hakuna theluji, hakuna jangwa. La tatu, kuna mahali pabaya kabisa ambapo mtu angedhani waliopatengeneza walikuwa na haraka ya kwenda kulala. Mfano ni mto wa sumu. Unasafiri juu ya jani moja la yungiyungi, unaokota sarafu nyekundu nane. Ikikuponyoka moja, huwezi kurudi nyuma. Na kufika pale ni taabu nyingine: unapanda mashua polepole, moja baada ya nyingine, ukiwa juu ya Yoshi, mnyama ambaye katika mchezo huu akianguka majini huyeyuka.

Halafu sarafu za buluu. Ni 240. Kumi unabadilisha kwa Shine moja, na Shine ni kijua kidogo chenye macho, ndicho kinachotafutwa katika mchezo. Shine zote ni 120, hivi 24 zatoka katika sarafu hizo. Zimefichwa ukutani, chini ya maji, ndani ya michoro, na nyingine huonekana siku fulani tu ya hadithi. Mchezo unakuambia umepata ngapi, haukuambii zipi. Mtu mwenye 29 mahali palipo na 30 atazunguka mpaka azeeke. Akimaliza zote, zawadi yake ni picha moja mwishoni. Picha tu!

Yaya alipenda kitu kimoja. Mara kwa mara kivuli cha Mario hutokea, kinanyang'anya pampu na kukimbia, na Mario anabaki na miguu yake, katika nafasi tupu yenye vipande vya mbao vinavyozunguka. Hapo lazima uruke kama zamani. Sehemu zile Yaya alizicheza tena na tena. Zilipokwisha, akaniachia mashine.

Mimi nilipenda maji. Sijui kusema vizuri zaidi. Kitufe cha pampu kilijua nguvu ya kidole: ukikibonyeza nusu, maji yanatoka kidogo nawe unakimbia, ukikibonyeza mpaka mwisho, unasimama imara na kulenga. Pampu ikikauka, unaingia baharini ao kwenye chemchemi, inajaa. Ukiosha ukuta, rangi yake ya kwanza inarudi. Ukimmwagia mtu aliyezama katika uchafu, anatoka na kukushukuru. Na mji wa katikati, uliokuwa na giza mwanzoni, unazidi kung'aa kila unaporudisha vijua. (Tangu 1983 Mario ameitwa fundi wa mabomba, lakini kwa miaka karibu ishirini sikumbuki kumwona akifanya kazi ya maji. Hapa ndipo nilipoamini.)

Jioni moja ya Novemba tulikuwa mezani. Mama alikuwa akipakua bukari. Nilikuwa nikieleza nilivyosafisha kijiji kizima, na Yaya, aliyechoka kunisikia, akasema kwa sauti kubwa: « Huo si mchezo, ni kazi ya mfagiaji. Mtu gani mwenye akili atapenda kusafisha uchafu wa wengine? »

Mama akaendelea kupakua. Alimpa Yaya sahani yake, akanipa yangu, akakaa. Hakuna aliyesema. Nilisikia saa ya ukutani. Nafikiri Yaya alijua maana ya neno lake mara lilipotoka kinywani, maana aliinamisha kichwa hata paji la uso likakaribia mchuzi. Lakini alikuwa na miaka kumi na sita, na katika miaka ile kuomba radhi ni kazi nzito kuliko kuosha sahani.

Jumapili iliyofuata mama akaja kukaa nyuma yangu nikicheza. Hakuwa amefanya hivyo hata mara moja. Alitazama kitambo, kiisha akauliza:

« Huyu ndiye aliyechafua? »

« Hapana, mama. Ni mwingine aliyejifananisha naye. »

« Na huyo mwingine ni nani? »

Nikamweleza. Mchafuzi ni mtoto, Bowser Jr. Baba yake, adui wa zamani wa Mario, alimdanganya kwamba binti mfalme Peach ni mama yake na kwamba Mario ni mtu mbaya aliyemteka. Ndiyo sababu mtoto yule akachukua brashi ya ajabu, akapaka kisiwa kizima.

Mama akawaza. « Basi mtoto amedanganywa. Na watu wa kisiwa, walipojua si huyu mwenye kofia, walimwomba radhi? »

Sikuwa na jibu. Nimeumaliza mchezo ule mara nne tangu siku ile, na sikuona mahali baraza ilipoifuta hukumu yake. Mario anamaliza kusafisha, na watu wanafurahi, basi. Nilimwambia, « Bado sijafika mwisho. »

« Ukifika, uniambie, » akasema, akaenda kulala, sababu saa ilikuwa mbili za usiku naye alipashwa kuamka mapema.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba niliamshwa na mlango. Mama alikuwa amepata zamu ya ziada, jengo la ofisi lenye ghorofa sita. Nilichungulia nikawaona wawili katika giza la ukumbi: mama akifunga kitambaa, na Yaya, amevaa koti, ameshika ndoo. Alikwenda naye Jumamosi ile na nyingine nyingi mpaka alipomaliza shule. Juu ya lile neno la mezani hawakusema kitu mbele yangu, na kama walisema kule ghorofani, ni siri yao.

Mwisho wa mchezo nilimweleza mama, kama alivyotaka. Bowser anamwambia mwana wake kwamba kuna jambo gumu la kumwambia kuhusu Peach, naye mtoto anamkatiza: ameshajua si mama yake. Anasema tu kwamba akikua atapigana tena na Mario. Mama alicheka sana. Alisema watoto hujua kila kitu, wanangoja tu wakubwa wapate ujasiri.

Mwaka 2020, mwezi wa Septemba, Nintendo walitoa michezo mitatu ya Mario ya zamani pamoja kwa mashine yao iitwayo Switch, na Sunshine ilikuwamo katikati. Waliiuza mpaka mwisho wa Machi 2021 tu. Wakati ule wa ugonjwa kila mtu alikuwa amefungiwa kwake. Yaya, ambaye sasa anakaa Namur na ana binti wawili, alinipigia simu usiku.

« Nimeununua ule mchezo wako mbaya, » akasema.

« Kwa nini, kama ni mbaya? »

« Watoto wanataka kuosha. »

Alianza kulalamika palepale, na nikatambua sauti ya 2002. Katika mashine mpya vitufe havijui nusu: ni kubonyeza ao kutobonyeza, basi ile raha ya kidole imepotea. Hapo tulikubaliana. Kuhusu mto wa sumu tulikubaliana pia. Kuhusu pampu hatukukubaliana. Alisema mchezo wa kuruka uliompa mtu maji ya kumshika ni mchezo uliojionea aibu. Nikamwambia yeye hakuruka vizuri hata bila pampu.

Sasa amebakiza sarafu moja ya buluu katika hoteli ya Sirena Beach. Ana 29. Ameitafuta mwaka wa tatu huu, na mama, ambaye ni bibi mwenye miwani sasa, hukaa nyuma yake akimwonyesha kuta ambazo hakuzimwagia maji. Mimi najua ilipo. Nilimpigia kumwambia, akakata simu.