Kiangazi cha Kigobe: Mti Hulala kwa Kiu

Mwezi wa Juni unapoingia, milima ya Kongo iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hutoweka machoni pa wakazi wa Kigobe. Vumbi na ukungu mkavu huwa vimetanda juu ya maji. Hiyo ndiyo dalili ya ici, kama Warundi wanavyokiita kiangazi kirefu, na tangu hapo hadi Septemba mvua huwa ya kubahatisha. Julai aghalabu hainyeshi kabisa.

Kigobe ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, unaojulikana kwa jumba la vikao vya Baraza la Taifa na kwa nyumba zenye nyua na bustani. Mtunza bustani wa Ubelgiji hufunika mimea yake kwa nyasi kavu ili baridi isiiue. Mwenzake wa Kigobe hana baridi ya kuogopa, lakini miti yake nayo ina majira ya kulala, na kinachoilaza ni kiu. Kwa hiyo vitabu vya bustani vya Ulaya humpoteza: vinamwamuru akate matawi Januari, wakati ambapo miti ya hapa imo katika kukua.

Wa kwanza kulala ni msanapichi, ule wenye maua meupe yanukiayo jioni. Hupukutisha majani yote, ukabaki vidole vitupu, na mara nyingi mgeni wa mji huukata akidhani umekufa. Akwaruze gome kidogo kwa ukucha kwanza: pakiwa na kijani chini yake, mti u hai. Bogenvilia haihitaji huruma nyingi, kwani ikinyweshwa mno hutoa majani na kunyima maua. Mwembe mkubwa hujitegemea. Wa kuhurumiwa ni mparachichi, ambao mizizi yake haiendi chini sana, na kila mche uliopandwa katika mvua zilizopita.

Makosa huwa katika ndoo. Watu wengi hunyunyiza kikombe kila jioni, udongo ukalowa juu tu, na mizizi ikapanda kuyafuata maji hayo, ikaunguzwa na jua la kesho yake. Ni afadhali ndoo nzima mara mbili kwa wiki, ikimiminwa polepole jua likizama, ndani ya kingo ya udongo iliyozunguka shina kama beseni. Mahali ambapo bomba hukauka, na watoto wanangoja kuoga, maji yaliyooshea mchele na mboga yatafaa. Yenye javeli yasiguse mti.

Halafu kuna ufagio. Ua uliofagiwa mpaka udongo ukang'aa ni fahari ya mama wa nyumba, na majani huchomwa pembeni. Kumbe majani hayo ndiyo blanketi la mti! Yatandazwe juu ya mizizi kwa unene wa kiganja, yasigusane na shina, maana mchwa hawakawii. Ugo nao usikatwe sana Julai. Chipukizi litakalotoka halitakuwa na maji ya kulilea. Mkasi ungoje mvua.

Askari anayehamishwa au kupangiwa zamu ndefu huacha mche wake mikononi mwa mtoto. Basi amwonyeshe ndoo na siku zake kabla hajaondoka, kwa sababu mche wa mwaka wa kwanza unaweza kufa katika majuma machache ya Agosti.

Hasara hiyo haiishii uani. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua ilishusha matope na mawe kutoka vilimani, ikazikumba Kamenge, Kinama na mitaa mingine ya kaskazini. Watu zaidi ya 60 walikufa, na maelfu wakakosa makao. Miti haizuii kila gharika, lakini mizizi hushika udongo wa miteremko, na mzizi uliokauka Agosti haushiki kitu Februari. Tangu mwaka 2018 mpango wa taifa uitwao Ewe Burundi Urambaye umehimiza upandaji miti. Siku ya kupanda huwa na umati na majembe. Julai inapofika, mche huo huwa na mtu mmoja tu, yule mwenye ndoo.

Septemba joto huzidi, upepo ukapeperusha vumbi hadi vyumbani. Kisha alasiri moja mvua hupiga mabati, milima ya Kongo ikaonekana tena upande wa pili wa ziwa, na kwenye ncha za msanapichi hutokeza majani madogo, yamekunjika bado.