Rangi Mpya Yenye Kasoro

Akina mama wengi tumezoea kuwaachia akina baba mambo yote ya gari. Likienda gereji tunasema, "Hayo ni ya baba na fundi wake." Lakini fedha inayolipa gereji hutoka katika mfuko uleule unaonunua unga, sukari na sare za shule. Kwa hiyo yafaa nasi tujue fundi anafanya nini na kwa nini.

Nyumbani kwetu tulikuwa na gari dogo aina ya Toyota Corolla. Lilibeba magunia ya mahindi, liliwapeleka wajawazito hospitali usiku wa manane, na lilitufikisha misibani. Binti yetu wa kwanza alipopata nafasi katika chuo cha uuguzi, tulikaa chini sisi wazazi, tukakubaliana kuliuza ili tupate ada. Rangi ilikuwa imefifia, na kutu imeanza kula milango. Tukampa kazi fundi kijana, tukamlipa nusu ya fedha, nusu akaipate kazi ikiisha. Mnunuzi aliahidi kuja baada ya wiki tatu.

Siku ya kulikagua, kwa mbali liling'aa vizuri. Tulipolisogelea tukaona mengine. Juu ya boneti kulikuwa na vipele vya vumbi lililonaswa na rangi mbichi. Mlango wa dereva ulikuwa na michirizi, rangi imetiririka kama machozi na kuganda. Ubavu mmoja ulikuwa na uso wa ganda la chungwa. Na juu ya paa vilionekana vishimo vidogo vya mviringo, kama macho ya samaki.

Baba watoto alikasirika. "Aibandue yote kesho, na nusu iliyobaki haipati!" Kijana akatusihi, "Wazazi wangu, nitapaka nta. Huyo mnunuzi hataona kitu." Tulimtazama. Naye ana mke na mtoto mchanga, na nusu ile ndiyo kodi ya chumba chake. Lakini kumficha mnunuzi hatukuweza kukubali.

Jirani yetu mmoja ni mzee aliyepiga rangi magari maisha yake yote. Alipoliona gari alisema neno moja: "Subirini." Alitueleza kwamba rangi hukauka juu kwanza, huku ndani ingali laini. Ukiisugua mapema, msasa huziba na uso huchanika. Sisi wauguzi hatukuhitaji maelezo zaidi, maana kidonda nacho huweza kufunga juu kabla ya kupona ndani. Muda wa kusubiri hutegemea aina ya rangi na joto la mahali, na huandikwa kwenye kopo. Sisi tulingoja wiki nzima, japo siku za mnunuzi zilikuwa zinahesabika.

Kisha kila kasoro ikapata tiba yake. Vipele vya vumbi viliondolewa kwa msasa wa maji namba 2000, uliozungushiwa kibao kidogo bapa, kwa maji yenye tone la sabuni. Fundi alisugua taratibu, akafuta, akatazama, ndipo akaendelea. Michirizi ya mlangoni alianza nayo kwa namba 1500, akisugua kile kilichovimba tu, huku pembeni amebandika gundi ya karatasi ili rangi nzima isiguswe. Penye ganda la chungwa alipita na 1500, kisha 2000, kisha 3000, halafu akang'arisha kwa kompaundi, ya kukwaruza kwanza na laini baadaye. Mashine ya kung'arishia hakuiacha mahali pamoja, kwa sababu joto lake huunguza rangi.

Mzee alimwonya sana kuhusu kingo na pembe, kwa kuwa hapo rangi huwa nyembamba kupita kwingine. Lile tabaka la juu la uwazi, ambalo mafundi huliita klia, mara nyingi halifikii unene wa unywele. Ukilitoboa, hakuna kung'arisha kutakakolirudisha.

Vishimo vya paani vilikuwa habari nyingine. Hivyo hutokea penye mafuta, au nta yenye silikoni, ambayo haikusafishwa kabla ya kupiga rangi. Rangi huyakimbia mafuta na kuacha duara tupu. Havisuguliki vikaisha. Ilibidi paa lipigwe msasa, lisafishwe mafuta kabisa, na kupakwa upya.

Hapo ndipo sisi tulipoweka mguu chini. Kijana alikuwa akijifunga kitambaa puani tu. Dawa ya kukaushia inayochanganywa katika rangi nyingi za magari ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huweza kuleta pumu. Mtu akishapata pumu ya namna hiyo, hata kiasi kidogo huweza kumbana kifua tena. Kitambaa hakizuii, wala barakoa ya hospitalini haizuii. Mpigaji huhitaji kifaa kinachomletea hewa safi kwa mpira. Kijana hakuwa nacho. Basi tukakubaliana paa lipakwe katika gereji kubwa yenye chumba cha kupigia rangi na vifaa hivyo, gharama tugawane naye. Baba watoto alinung'unika, kisha akatoa fedha.

Mnunuzi alipokuja tulimwonyesha kila kitu. Tulimwambia kwamba paa limepakwa mara mbili, na kwamba mlangoni umebaki mchirizi mmoja hafifu, kwani kuendelea kuusugua kungeitoboa klia. Alipunguza bei kidogo. Tulikubali, na pengo la ada tukaliziba kwa fedha ya upatu. Kijana alipewa nusu yake, akitoa mchango wake wa paa.

Akina mama wenzetu, gari la nyumbani likienda kupigwa rangi, msilipe fedha yote mwanzoni. Likaguliwe asubuhi au jioni, jua likiwa pembeni, maana kivulini kasoro hujificha. Ulizeni kama rangi ina dawa ya kukaushia na fundi atavuta hewa gani. Watoto wasichezee karibu wakati wa kupuliza. Likirudi, lioshwe kwa maji na kitambaa laini, na nta isubiri hadi muda ulioelezwa na watengenezaji wa rangi upite. Kasoro ikionekana, muiteni fundi mkae naye na kuitazama pamoja kabla mtu hajashika msasa.